Kiti Changu Kati ya Wakubwa

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani katika ofisi ndogo hapa Likasi, na ulikuwa mwaka wa nne nikiishi na kisukari cha sindano, kile kinachowashika vijana. Sindano niliizoea. Kila asubuhi mke wangu alichemsha bomba la sindano la kioo jikoni, na siku moja alikosea sufuria akalitilia majani ya chai. Kitu nilichoshindwa kuzoea ni uchovu. Haukuwa uchovu wa mtu aliyefanya kazi. Ulinijia nimekaa tu, nagonga muhuri, na miguu ikawa mizito kama mifuko ya saruji ya kiwanda cha Kakontwe. Kanisani niliwahi kusinzia nimesimama, kinywa wazi, katikati ya wimbo.

Daktari aliniambia nipumzike kabla ya kuchoka. Mke wangu alilichukua neno hilo kama amri. Alikwenda kwa seremala wa mtaa wa Kikula, akarudi na kiti cha kukunja chenye turubai ya kijani.

"Kila mahali utaenda, utaenda na hiki," alisema. "Bantu wakisimama, weye unaikala."

Basi nikawa nakifunga nyuma ya baiskeli. Nilikaa sokoni, nilikaa kwenye foleni ya unga, nilikaa hata mazishini, na watu wakazoea.

Siku moja ofisi zote zilifungwa ili twende barabarani kumpokea mgeni mkubwa kutoka Lubumbashi. Tulifika saa mbili, wanaume wote na makoti yetu ya abakosti, wanawake na vitambaa vyenye picha ya Rais. Saa nne mgeni hakuwa ameonekana. Wacheza ngoma wa chama walikuwa wameimba nyimbo zao zote na kuanza upya. Mimi nikafungua kiti changu, nikakaa, nikakunja mguu.

Katika watu mia kadhaa waliosimama juani, nilikuwa peke yangu niliyeketi. Mtu wa itifaki, mwenye filimbi shingoni, aliniona akashtuka. Akaja mbio.

"Pardon, citoyen, utusamehe. Hatukukuona. Mahali yenu iko kule juu, kwa kivuli."

"Minye niko muntu wa biro tu, karani," nilimwambia.

"Ndiyo, ndiyo," alisema, akiwa tayari amekibeba kiti.

Ningeweza kubishana. Lakini kubishana kunataka nguvu, nami nguvu zangu zote nilikuwa nimezimaliza kwa kupanda baiskeli. Nikamfuata. Wakaniweka jukwaani, safu ya mbele, karibu na bwana mmoja mnene wa mambo ya kodi, aliyenisalimia kwa kuinama. Walileta Fanta. Nikaikataa kwa sababu ya sukari, na yule bwana akamnong'oneza jirani yake kwamba mimi sipokei kitu cha mtu.

Saa sita ikapita, na mimi sijala. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, kila mtu wa barabarani nikamwona wawili. Nilijua sukari imeshuka. Vipande vya sukari vilikuwa kwenye mfuko wa baiskeli, na baiskeli ilikuwa mbali. Nikageuka, nikachukua Fanta mkononi mwa bwana wa kodi, nikainywa yote mpaka chupa ikalia. Yeye akanyoosha koti lake, akakaa wima.

"Pardon, chef," akasema, kama kwa mkubwa wake.

Ndipo mgeni akafika. Alipita akishika mikono ya watu mmoja mmoja. Kichwa changu kilikuwa kimerudi nusu tu.

"Kazi inaenda?" aliniuliza.

"Nimechoka," nikajibu.

Mgeni akanitazama, akalitazama jasho langu, halafu akawageukia wengine.

"Munaona? Huyu anatumika kazi mpaka anachoka. Na nyinyi je?"

Wakapiga makofi kwa muda mrefu. Bwana wa kodi ndiye aliyepiga zaidi.

Mke wangu alikuwa upande wa pili wa barabara pamoja na akina mama wa parokia, na aliona yote. Nyumbani aliniwekea bukari, ugali wetu, na mboga ya matembele, akasubiri nile, akauliza kama kutetemeka kumeisha. Kumeisha, nikasema. Hapo ndipo alipoanza.

"Munganga wa hospitali alisema uikale. Hakusema uikale na bakubwa."

"Walinibeba."

"Weye hauna kinywa?"

Nilimwambia kinywa pia kilikuwa kimechoka. Alijaribu kukasirika, akacheka mpaka akatoka nje kwenda kupumua.

Kwa miezi miwili majirani walikuja kuniomba niwatafutie watoto wao kazi. Niliwaambia ukweli, wakadhani ni unyenyekevu. Fundi mmoja wa baiskeli alieleza shida yake tangu mwanzo hadi mwisho, mimi nimelala fofofo mbele yake. Mke wangu anasema alipomaliza alisimama, akaniaga kwa heshima, akaenda zake ameridhika.