Kimbunga cha Alfajiri, Kimbunga cha Alasiri

Kwa miaka kumi na moja nimesoma kipima mvua cha hapa Bujonde, saa tatu kamili kila asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Mdogo wangu hajapima hata tone. Ana duka la vitenge Kyela mjini na simu kubwa, basi, na mama humwuliza yeye habari za hali ya hewa.

Mwaka huu, kimbunga kilipokuwa kikipata nguvu kwa kasi upande wa Msumbiji, alitutumia picha za setilaiti kwenye kundi la familia, alfajiri na alasiri. Ndugu walimsifu utadhani kakitengeneza yeye. Mimi niliandika kwenye daftari langu la mvua saa ya kila picha na nilichokiona.

Siku ya tatu, alasiri, alimpigia mama. "Jicho limefifia, mawingu yametawanyika. Kinakata roho hicho. Anika kakao yako, mama."

Kakao hiyo, mavuno yote ya mama, ilikuwa imevundikwa chini ya majani ya migomba kwa siku tano. Ingeweza kuvumilia mbili zaidi. Ikishafunuliwa inataka jua. Ikinyeshewa huota ukungu, na mnunuzi haigusi.

Nilifungua daftari. Siku ya kwanza, alfajiri: mawingu marefu yamerundikana kuzunguka jicho. Alasiri: yametambaa nje, mapana, katikati pamepwaya. Siku ya pili vilevile, ila rundo la alfajiri lilikuwa limekaza zaidi. Leo alfajiri, zaidi tena. Mdogo wangu alikuwa analinganisha alfajiri na alasiri. Anayepima mvua hafanyi hivyo. Saa tatu hulinganishwa na saa tatu. Kimbunga kilikuwa kinatanuka na kujikusanya kila siku, na kila kikijikusanya kinazidi ukali.

"Mama, usifunue," nilisema. "Kesho alfajiri kitakaza tena. Mvua yake itatufikia."

"Mwenzako amesema nianike."

"Ameangalia picha ya alasiri tu."

"Yeye ndiye mwenye picha."

Nilifunga daftari. Nilitaka aanike, mvua ije, mdogo wangu aumbuke mbele ya ukoo mzima. Nilikuwa nimeshauona akilini ule ukungu. Lakini mama alipoinua jani la kwanza, nilishindwa, nikampigia mdogo wangu nikamsomea daftari lote.

Alicheka. "Kumbe dada yangu mkali hivi? Mpe mama simu."

Mama alisikiliza. "Ee. Ee. Haya." Akarudisha jani, akaweka na jiwe juu.

Mvua ilikuja kesho yake mchana, ikanyesha hadi usiku. Siku iliyofuata jua lilitoka, tukaanika. Mama akapiga simu mjini, spika wazi.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Umeniokoa."

"Si mimi, mama. Dada ndiye aliyegundua."

"Huyo anapima mvua ikishanyesha," mama alisema, kwa upendo kabisa, huku akinionyesha kwa kidole upande wa kakao wa kugeuza.

Niligeuza. Maneno ya mama nimeyazoea. Kilichoniuma ni kwamba mdogo wangu alisema ukweli wote, mara moja, wala haukumgharimu chochote.