Yuzipoki Anapiga

"Magari yenu yanakohoa. Gari langu linaongea!"

Maneno hayo aliyatamka shemeji yangu, mume wa dada, kwenye kituo cha teksi, mbele ya madereva wenzake wote na muuza vocha. Alikuwa amepanda juu ya ukingo wa mtaro ili aonekane, maana Mungu alimpa maneno mengi akasahau kumwongezea kimo. Sentensi ya kwanza ilikuwa kweli tupu. Yale magari mengine yalikuwa yanakohoa hata yakiwa yamezimwa. Ya pili ilikuwa na kosa dogo moja, nalo ni lile neno "langu". Gari lilikuwa la Baba.

Kituoni wanamwita Mitambo. Jina hakupewa bure. Aliwahi kufunga king'ora cha kurudi nyuma kilichosema maneno ya Kichina, na kwa kuwa hakuna aliyejua kinasema nini, wapita njia walikuwa wanakiomba radhi. Kabla ya hapo alifunga dirishani feni ya nguvu za jua, ikavuta vumbi la barabara nzima na kumkabidhi abiria wa nyuma. Ukimwambia Mitambo kitu kimeharibika, anakusikitikia. Kwake yeye hakuna kitu kinachoharibika, kuna kitu ambacho hakijafungwa vizuri.

Mara hii ilikuwa tableti. Askari wa barabarani alimkamata simu iko sikioni, akamsimamisha juani akamhubiria mpaka Mitambo akaokoka. Akaapa simu haitagusa tena sikio lake. Tatizo, redio ya gari lile ni ya enzi za kaseti. Ukiiambia habari za bluutuu inakutazama tu. Basi akaichukua tableti ya binti yake, ile ya kutazamia katuni, akaibandika kwenye dashibodi pamoja na kava lake la waridi lenye masikio ya sungura, kwa sababu kava liligoma kutoka. Akatia programu ya kuifanya tableti ijione simu ya gari, akaiunganisha na simu yake kwa bluutuu, kisha akavuta waya kutoka kwenye tableti mpaka kwenye kaseti ya bandia yenye mkia kama panya, na kaseti akaisukuma ndani ya redio. Mtu akipiga, simu inabaki mfukoni imetulia. Sungura anawaka, spika nne zinanguruma, na kuna mwanamke ndani ya programu anayetangaza jina la anayepiga.

"Mkono kwenye usukani, jicho barabarani," Mitambo akawa anawaambia abiria. Wakati huo alikuwa anawatazama wao.

Mwanamke yule hakulelewa na watu wetu. Kila jina analisoma kwa Kizungu. Fundi Rangi alimwita "Fandai Renji". Dada yangu, aliyeandikwa Mke, akawa "Maiki". Na kulikuwa na mmoja aliyepiga kila alfajiri, ambaye mwanamke alimtangaza kwa sauti ya mtu anayekaribisha balozi: "Yuzipoki Mzii."

Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye simu analijua na hakuna anayelikiri. Namba ya mtu unayempenda unaiandika kwa jina lake. Namba ya mtu anayekuchosha unaiandika "Usipokee", ili simu ikiita usijisahau kwa adabu. Kwenye simu ya Mitambo kulikuwa na Usipokee Kikundi, Usipokee Bima, na juu yao wote, Usipokee Mzee. Usipokee Mzee alikuwa Baba, mkwewe, mwenye gari.

Sitamtetea Mitambo, lakini na Baba naye tumseme. Baba alikuwa msahihishaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji mpaka alipostaafu, na hakuna aliyemwambia kwamba kazi imeisha. Kadi ya mwaliko ikiletwa nyumbani, anairudisha na wino mwekundu. Akipiga simu, anaanza na hali ya gari, kisha matairi, kisha oili, ndipo wajukuu. Ukimjibu "liko poa", anakuuliza: "Poa ni hali au ni joto?" Na anapiga kabla jua halijapiga mswaki. Mitambo alimpenda Baba kwa moyo wake wote, ila si saa hizo.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Dada. Alikuwa amepanda gari aende kazini, nami niko kiti cha nyuma naomba lifti kama kawaida yangu, sungura akawaka: "Yuzipoki Mzii."

"Yuzipoki ndiye nani?" akauliza Dada.

Mitambo angeweza kusema ukweli, tukacheka, yakaisha. Badala yake akasema, "Mteja."

"Mteja gani anapiga alfajiri?"

"Kwao ni mchana."

"Kwao wapi?"

"Nje."

"Nje wapi? Nje ya geti?"

"Nje ya nchi, mama watoto. Mwekezaji. Akija huku namwendesha mimi."

Dada akamtazama kwa jicho la kukagua ukosi. "Ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume! Mzee kabisa! Mzii hiyo ndiyo mzee kwa lugha yao."

Nilijifanya nakohoa. Mimi nilikuwa naiona skrini, na skrini haisomi kwa Kizungu. Lakini shemeji alinitazama kupitia kioo, nami lifti bado nilikuwa naihitaji.

Dada hakulala na siri hiyo. Akamweleza Baba, nusu kwa wasiwasi, nusu kwa majivuno: mumewe anapigiwa na mwekezaji kila alfajiri. Nilidhani Baba ataliona shimo. Msomaji wa prufu huyu, anayeweza kuona nukta iliyopotea katika gazeti zima! Akafikiri, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Kumbe! Ndiyo maana mimi nikimpigia alfajiri simpati. Anaongea na wageni!"

Kisha akasema neno ambalo Mitambo alikuwa analiota tangu siku aliyokabidhiwa ufunguo. Akasema mkwe wake amekua. Mtu anayeaminiwa na wageni haifai aendeshe gari la kuazima. Atampa. Bure, kama baba kwa mwanawe. Waende wote ofisi ya usajili, kadi ya gari iandikwe jina la Mitambo.

Mitambo aliposikia hakuruka wala hakupiga kelele. Alitoka nje akaliosha gari lile mwenyewe, mpaka chini ya mazulia, kisha akakaa ndani yake milango ikiwa imefungwa. Dada aliniambia alimwona dirishani akilipapasa usukani. Watu wanacheka, lakini miaka yote ile kila mkwaruzo aliutolea maelezo, na kila akisema "langu" kulikuwa na mtu kituoni wa kumkoholea. Alikuwa amebakiza saini moja tu.

Siku ilipofika, Baba alivaa koti, akakaa mbele na kadi ya gari mapajani, akafunga mkanda, maana kwa Baba mkanda ni kama nukta: safari haijakamilika bila hiyo. Simu yake, ile ya vitufe, ilikuwa mfuko wa koti wa kifuani. Asubuhi hiyo alikuwa amempigia Mitambo kumuuliza yuko wapi. Mitambo hakupokea, akaja tu. Mimi nilikaa nyuma kama shahidi, kwa sababu Baba alisema diploma yangu ya umeme haikuisha lakini saini ninayo.

"Huyu ndiye sungura anayeongea?" Baba akauliza.

"Ndiye, Baba. Simu haigusi sikio."

"Vizuri. Na yule bwana leo amepiga?"

"Nani? Aa, yule. Leo kwao mapumziko."

Ofisi ya usajili iko mwisho wa barabara yenye matuta mawili yaliyofuatana. Sasa sikiliza jinsi mtu anavyoangushwa na usalama barabarani. Tulipopanda tuta la kwanza, mkanda ulimkaba Baba kifuani na kubonya kitufe cha kijani cha simu yake, ikafungua namba za mwisho. Tulipopanda la pili, mkanda ukabonya tena. Ikapiga.

Sungura akawaka. "Yuzipoki Mzii."

Baba akageuka kama aliyeitwa kupokea zawadi. "Si huyo?"

"Ndiye, Baba. Mwache tu, nitampigia baadaye."

"Mteja haambiwi baadaye. Pokea."

"Naendesha, Baba."

"Na huyu sungura kazi yake nini?"

"Mtandao wa hapa mbovu."

"Mtandao mbovu ndio unaoita hivi? Mkwe wangu, unaona haya kuongea mbele yangu? Acha nikusaidie." Akanyoosha kidole, akabonya alama ya kijani katikati ya masikio ya waridi.

"Halo! Bwana Yuzipoki!"

Kimya cha pumzi moja. Kisha spika zote nne, kwa heshima kubwa: "Halo! Bwana Yuzipoki!"

Baba akanigeukia uso unang'aa. "Anajua Kiswahili!"

"Anajua Kiswahili!" zikakubali spika.

"Mimi ni baba mkwe wa dereva wako."

"Mimi ni baba mkwe wa dereva wako."

"Hata!" Baba akashangaa. "Naye ana binti huku?" Spika nazo zikashangaa vilevile. Nilimtazama Mitambo kupitia kioo. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama askari alivyomfundisha, na jasho limemfika kidevuni.

"Lafudhi yake kama ya kwetu kabisa," Baba akasema, na spika zikamsifu vivyo hivyo. Akacheka, gari zima likacheka. Kisha kicheko kikamkwama kooni, akakohoa.

Gari likakohoa.

Maneno yanaigika, lakini kikohozi cha mtu aliyevuta harufu ya wino ujana wake wote hakuna mgeni wa kukiiga. Baba akakohoa tena, taratibu, kwa makusudi, kama anayepima kipaza sauti. Gari likakohoa tena. Akatia mkono mfukoni, akaitoa simu yake ikiwa imewaka na dakika zinahesabu, ikaanza kupiga mluzi wa kupasua kichwa kwa kuwa karibu na spika. Akaikata. Sungura akazimika nusu, akabaki na maandishi ya simu ya mwisho.

Baba akavaa miwani.

Mitambo alikuwa amefika getini kwa ofisi. Akasimamisha gari. Hakuna aliyeshuka.

"Usipokee Mzee," Baba akasoma, kwa sauti ileile aliyosomea prufu.

"Baba," Mitambo akaanza, "hilo ni onyo la usalama. Nikiwa barabarani linanikumbusha. Usipokee. Kwa sababu mzee anapiga, na mzee anahitaji utulivu."

"Kwa hiyo ni sentensi mbili."

"Ndiyo, Baba! Mbili!"

"Basi baada ya 'Usipokee' ungetia nukta." Baba akaisogelea skrini, akatafuta kwa kidole. "Nukta siioni. Bila nukta, hili ni jina langu."

Akanigeukia. "Na wewe umeniandikaje?"

Nikamwonyesha. Baba. Nilikuwa nimemaliza kuandika hivyo wakati anavaa miwani.

Hakugomba. Afadhali angegomba; ugomvi unajibika. Alikunja kadi ya gari, akairudisha mfuko wa ndani wa koti.

"Geuza gari, mwanangu. Suala hili nitalifikiria tena."

"Nitajua vipi umefikia wapi, Baba?"

"Nitakupigia," akasema Baba.

Kuanzia siku hiyo Mitambo akawa mtu anayepokea. Namba ya Baba aliibadilisha ikawa Pokea Baba, akakopa kwangu spika nyingine akaifunga chini ya kiti. Alfajiri alikuwa ameshaketi ndani ya gari, sauti imepandishwa mpaka mwisho, anamsubiri sungura. Akapokea Bima, akakatiwa bima mbili. Akapokea Kikundi, wakamfanya katibu. Baba, ambaye zamani alikuwa hakosi alfajiri hata moja, hakupiga. Kituoni wakawa wakimwona wanamuuliza, "Vipi, gari limeongea?" Naye, aliyekuwa na jibu la kila kitu, anafuta vumbi kwenye masikio ya waridi.

Baba alipiga mchana mmoja, tuna abiria. Mama mmoja alikuwa nyuma amepakata trei za mayai, mimi mbele nashikilia waya wa kaseti uliokuwa umelegea.

"Poukia Baba," akatangaza yule mwanamke.

Mitambo akapokea kabla hajamaliza. "Shikamoo Baba!"

"Marahaba. Gari halijambo?"

"Halijambo, Baba. Matairi mazima, oili nimebadilisha, watoto wazima."

"Umepokea haraka."

"Siku hizi nafanya hivyo, Baba."

"Nimefikiria." Sauti ya Baba ilijaa gari lote, hata mama wa mayai akakaa wima. "Nimeamua gari liwe lako,"

"Asante Baba! Asante sana, Mungu akuzidishie, akupe—"

"Subiri. Hapo kulikuwa na koma."

Mitambo akafunga mdomo. Mama wa mayai naye akafunga wake.

"Nimeamua gari liwe lako, kwa milioni nne na laki mbili. Nukta."