Kiti cha Kidege

Mjomba wangu ni fundi pampu. Maisha yake yote ameshinda amechutama kwenye mashimo, akizibembeleza mashine zilizogoma kutoa maji, na maneno anayozipa ni matamu kiasi kwamba mkewe angeyapata robo tu, wasingeachana. Mke alichoka, akahamia mji mwingine na binti yao wa pekee, yule tuliyezoea kumwita Kidege. Mjomba akabaki na pampu zake.

Ujanani aliendesha gokati, vile vigari vya mashindano vinavyokaribia kulamba lami, havina paa, havina milango, na anayevipanda nina mashaka na akili yake. Kidege alirithi ugonjwa huo. Jumamosi walikodi kigari uwanjani, wakarudi nyumbani wananuka petroli, wanacheka kama walevi. Kidege alipohama, Jumamosi nazo zikahama naye.

Basi siku ilipokuja habari kwamba binti anakuja kumtembelea, mara ya kwanza kwa miaka mingi, tangu wazazi waachane, mjomba akaamua kununua gokati.

"Akiwa na gari lake hapa, mpwa wangu, atakuwa na sababu ya kurudi."

Nilikuwa na utani tayari ulimini. Nikautazama uso wake, nikaumeza. Kuninyamazisha mimi si kazi ndogo. Wahadhiri walishindwa mpaka nikawaachia chuo chao.

Muuzaji wa magari yaliyotumika alikuwa mama mmoja mwenye ovaroli iliyojaa grisi na hereni za kwendea harusini. Gokati alikuwa nazo mbili. Moja ya kisasa, imekimbia misimu michache, plastiki kila upande, inawashwa kwa kitufe. Nyingine nyekundu, kuukuu kunizidi mimi, mabomba membamba kama miguu ya korongo, na kuiwasha lazima mtu aisukume huku anakimbia.

Mjomba akaushika usukani wa ile nyekundu. "Hujambo, bibie," akasema. Nikajua tumekwisha.

"Baba, kama ni ya mashindano, chukua hii mpya," mama akamwambia. "Kiti unasogeza, unabadilisha, upendavyo. Huyo bibi kizee kiti chake kimebanwa katikati ya mabomba. Ukitaka kikubwa zaidi, ukate chasisi."

Na kwenye gokati kiti ndiyo kila kitu. Gari halina springi. Kiti kikipwaya, kila kona inakulipua mbavu. Mjomba akaingiza mikono miwili kwenye kiti cha ile nyekundu, viganja vikitazamana, kama mtu anayemnyanyua mtoto kiunoni. Vikaenea sawasawa.

"Kidege mwenyewe huyu," akasema. "Humu hachezi."

Akajaribu ile mpya. Mikono ikapwaya. Akatikisa kichwa.

"Mjomba, watoto wanakua," nikamwambia. "Mpigie simu umuulize."

"Nimuulize mwanangu ana umbo gani? Si ataona simjui?"

"Lakini humjui, mjomba. Si hujamwona tangu alipoondoka?"

Akaenda kumsaidia muuzaji kuipakia ile nyekundu.

Jumamosi Kidege akatukuta uwanjani. Kidege gani tena, jamani. Msichana mrefu kumpita baba yake, mabega ya mpiga mbizi, sauti nzito ya kistaarabu. Akamwamkia baba yake shikamoo kama anayemwamkia mkuu wa shule. Kisha, kwa heshima, akajaribu kukaa. Nyonga ziligoma kuingia kitini, magoti yakagonga usukani. Akatoka taratibu, akajifuta vumbi.

"Ni nzuri sana, baba."

"Ngoja," mjomba akasema, tayari yuko chini na spana. "Hiki nakitoa. Dakika tu."

"Baba, acha. Siku hizi hata siendeshi gokati. Nimekuja kukuona wewe."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

Binti akachuchumaa kando ya gari, akaanza kuiongelesha ile miguu iliyochomoza chini ya chasisi. Alisema amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Kwamba mama yake anaolewa tena, na wanahamia mbali zaidi. Alisema la mwisho mara mbili, polepole. Kutoka chini likaja jibu lilelile: ngoja, nati hii ina kutu. Mimi nikampiga mjomba teke la kisigino. Akavuta mguu, akaendelea kufungua.

Gari lililomleta likapiga honi getini. Kidege akausogeza mkono karibu na goti la baba yake, asiliguse, akasimama.

"Mwambie nimeaga, binamu."

"Mwambie mwenyewe."

"Nimeshamwambia," akasema, akaenda.

Baadaye mjomba akajivuta kutoka chini, uso mweusi kwa grisi, kiti mkononi, anatabasamu.

"Kimetoka," akasema. "Haya, mwanangu, njoo tupime."

Mimi, mwenye mdomo wa kumjibu kila mtu, nikakipokea kile kiti.