Mkate wa Muhogo na Chekeche Jipya

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wako kwenye mikorosho yao au wamehamia Masasi kutafuta maisha. Mimi nimebaki Newala na mama, cheti cha kidato cha nne na sufuria. Jirani yetu, rafiki wa mama tangu walipochezwa unyago msimu mmoja, aliniita mwali, kama msichana aliyewekwa ndani, ingawa mimi ni mwanamume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwali. Bado hawajakutoa nje?"

Alipita hivyo kila alfajiri kuazima chekeche letu, achekeche unga wa ngano wa maandazi yake ya biashara. Kuazima kulichukua muda mrefu kuliko kuchekecha. Yeye na mama waliitana somo, wakakaa jikoni kwetu kuwasema watu mpaka moto kule kwake ukazimika.

Kisha mama akaanza kukonda. Tumbo lilijaa, chakula hakikai. Daktari akasema ngano ndiyo inayomuumiza, hata vumbi lake, na asiiguse tena maisha yake yote. Mama aliuliza kama chai inaruhusiwa. Kwake, chai bila mkate ni maji ya moto tu.

Basi nikajifunza kuoka. Mkate wa kwanza wa muhogo ungeziba ufa wa ukuta. Mama aliutafuna kwa heshima, akasema meno yake ndiyo mabaya. Baadaye nikagundua kwamba sehemu ya unga lazima niipike kwanza uji mzito, uwe gundi, halafu nichanganye unga wa mchele, mayai, hamira na korosho zilizovunjika nilizozisaga. Mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Mkate wa namna hii ukilala nje unaamka jiwe, kwa hiyo nilisubiri upoe kabisa, nikaukata, nikafunga kila kipande kwenye nailoni na kukiweka kwenye friza. Asubuhi nakipasha kwenye kikaango kikavu. Mama akaanza kusifu, nami nikaanza kuringa kama bibi harusi.

Lakini tumbo lake halikupoa. Siku moja nikaligeuza chekeche kwenye mwanga wa mlango, nikaona pembeni mwa wavu unga mweupe umegandamana. Ngano ya jirani. Nami muhogo wa mama nilikuwa nauchekecha humo humo.

Kumnyima mtu chombo huku kwetu ni kumwambia una shaka na mkono wake, na mkono wa jirani ukitiliwa shaka, watu hawafikirii ngano, wanafikiria uchawi. Nikatafuta njia ya adabu. Nilinunua chekeche jipya, kubwa kuliko letu, nikampelekea. Nilimweleza habari ya daktari na vumbi, neno kwa neno.

Alisikiliza. Akaligeuzageuza.

"Zuri," alisema. "Sasa sina sababu ya kuja kwenu."

"Hapana, mama, njoo tu."

"Nije kufanya nini, baba?"

Hakuniita mwali. Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata.

Mama akapona. Mashavu yalirudi. Ila kila alfajiri alikuwa ameshaketi jikoni kabla sijawasha moto, kiti cha pili kikiwa wazi, akiniuliza kama mlango sijaufunga kwa komeo. Nilijaribu kuwasema watu badala ya jirani. Mtu wa ndani atamsema nani?

Juzi akaniagiza nipeleke vipande vya mkate kwa somo wake, kwenye sahani yenye maua. Jirani alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Alasiri akairudisha sahani mwenyewe. Ilikuwa imeoshwa, haina kitu. Alisimama nje ya kizingiti.

"Karibu ndani, somo," mama alisema.

"Ahsante, somo. Nimeacha mafuta motoni."

Akaenda. Maandazi anayakaanga alfajiri, na mama anajua hivyo kuliko mimi.

"Kweli," mama alisema, ameshika sahani mapajani. "Harufu ya mafuta naisikia mpaka hapa."

Nilivuta pumzi. Sikusikia kitu. Nikamwambia hata mimi naisikia.