Mwanamke Aliyekalia Kisima

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, jua likiwaka, katika kijiji kimoja cha ndani kupita Kiranjeranje. Jina lake naliacha kwa heshima ya waliozikwa.

Kipindupindu kilikuwa kimepita pale, au tulidhani kimepita. Mradi mmoja ukanituma nikawachoreshe watoto wa shule ugonjwa walivyouona, kisha nitafsiri alama zilizomo. Nilikuwa na mwongozo: nyeusi ni msiba, nyekundu ni hasira, nyumba isiyo na mlango ni upweke. Kazi rahisi, siyo?

Basi karibu wote wakachora kitu kimoja. Mwanamke mwenye kanga ya njano, amekaa juu ya mdomo wa kisima, ametugeuzia mgongo. Nikadhani wameigana. Nikawatawanya, huyu dirishani, yule barazani, wakachora upya. Mwanamke yuleyule. Mgongo uleule.

Nikaandika daftarini: "Hofu ya maji."

Msichana mmoja wa darasa la tatu, Somoe, akachungulia. "Mwalimu, umeandika nini?"

Nikamsomea.

"Siyo hofu. Huyo Bi Mwanahawa. Anatukataza tusinywe."

"Yuko wapi nikaongee naye?"

"Alikufa. Ndiye wa kwanza."

Nikatabasamu, Mungu anisamehe lile tabasamu. Nikaongeza: "Huzuni iliyojificha."

Baada ya alasiri nikaenda kisimani kunawa uso. Alikuwepo. Kanga ya njano, mgongo kwangu. Nilidhani ni mtu tu, nikamwamkia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Kisha, polepole: "Mbona umeniandika hofu?"

Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba umefungwa. Nani angemwambia? Nikazunguka kisima nimwone uso. Nikakuta mgongo. Nikazunguka tena. Mgongo. Wallahi, mara tatu nilikizunguka kile kisima na upande wa mbele sikuupata.

"Choo kipya cha pale juu kinavujia humu," akasema. "Mimi nawazuia watoto. Wakubwa hawanioni. Wewe umeniona, kawaambie."

Nikapepesa macho. Pakabaki saruji tupu yenye vumbi.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Nikamwendea mwenyekiti wa kijiji. "Humo wamekunywa babu zetu," akasema, "na wewe umekuja juzi na kalamu zako za rangi." Nikampigia simu bosi wangu, nikamwomba maji yapimwe. "Sisi ni watu wa michoro," akanijibu. "Tena hiyo hofu ya maji imekaa vizuri sana, usiiguse." Nikaziba kisima kwa matawi ya miiba, mikono ikinitoka damu. Asubuhi nikakuta miiba imetupwa pembeni na akina mama wamepanga ndoo. Ningewalaumu? Kisima kingine ni mwendo wa saa nzima. Na ningewaambia nini, kwamba mgongo umenisemesha?

Maji yalikuja kupimwa baada ya mazishi mengine matatu. Mmoja wa waliozikwa alikuwa mama yake Somoe. Choo kilikuwa kinavuja, kama nilivyoambiwa. Na ripoti ilikuwa imekwisha kuchapwa, mchoro wa Somoe kwenye jalada, tafsiri yangu chini yake.

Nilipokwenda kuhani, Somoe alinipa mkono. Hakuwa analia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama yule bibi bado anakaa pale.

"Kaondoka, mwalimu. Kasema watu wakubwa wamemchosha."

Ile kazi niliiacha. Siku hizi naishi Mitwero, na niamini, hadi leo mtu akinipa mgongo kwenye foleni ya dukani mwili hunisisimka. Namgusa bega ageuke. Watu wananiona mwehu, waache. Ila wewe unayenisikiliza, mtoto akikuchorea mtu usiyemjua, usikimbilie kumfasiri. Muulize huyo mtu anataka nini. Na akikujibu, inuka siku hiyohiyo.