Nyota Isiyokuja Jumapili

Kazini walimwita Mama Baridi, maana yeye ndiye fundi wa kupoza kipokezi cha darubini ya redio, ile sahani pana kama uwanja inayosikiliza anga. Kipokezi kisipopozwa, joto lake lenyewe huzimeza sauti za nyota.

Kile cha zamani kilikuwa na jicho moja, na kupekua anga kwa jicho moja ni sawa na kufagia uwanja kwa kijiti. Kipya alikifunga kwa mikono yake, skrubu kwa skrubu: macho kumi na matatu, kila moja likitazama upande wake. Kazi ya wiki mbili ikawa ya siku moja.

Mkurugenzi, mzee mtanashati asiyetaka mchezo, alipiga marufuku simu na redio. Hata saa ya mkononi ya Mama Baridi aliifungia kwenye sanduku la bati. "Kifaa chochote cha umeme hapa ni adui, kelele zake huingia darubinini!"

Basi asubuhi moja, saa mbili na robo, mngurumo ukaingia mitamboni. Kesho yake tena, saa ile ile. Wiki ikapita hivyo. Mkurugenzi akatangaza nyota mpya, akaanza hata kuitafutia jina, na majina yote aliyopendekeza yalifanana mno na lake.

Mama Baridi akachungulia michoro ya mngurumo ule. "Bosi, macho yote kumi na matatu yameiona, tena sawasawa. Nyota ya kweli ingeonwa na jicho moja, mawili. Hiki kitu kiko hapa hapa kwetu."

"Mama, kazi yako ni baridi. Nyota niachie mimi."

"Haya. Ila Jumapili haikuja. Nyota gani hiyo yenye mapumziko?"

Mkurugenzi akarudi kwenye orodha yake ya majina. Jumatatu, saa mbili na dakika kumi, akamvizia mkurugenzi kwenye ngazi, akamganda na fomu ya kurasa tisa, huku akiuliza hili na lile. Nyota haikutokea. Jumanne akamwacha apite. Ikatokea.

"Ehee!" akajisemea.

Jumatano, saa ilipotimia, akabisha hodi ofisini kwa mkurugenzi na kuingia kwa pumzi moja. Mkurugenzi alikuwa mbele ya kioo, mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi, shavu moja laini, la pili kama brashi. Akaizima kwa mshtuko. Papo hapo mwendesha mitambo akapiga kelele kutoka chumba cha pili: "Bosi! Nyota imekatika!"

Wakatazamana.

"Hebu iwashe," Mama Baridi akasema kwa sauti ya asali.

Mashine ikanguruma. "Imerudi!" ikaja sauti ya mwendesha mitambo.

Mkurugenzi akaketi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na ukanyamaza?"

"Si uliniambia nyota nikuachie wewe?"

Mzee akacheka mpaka machozi. Akaenda kuomba radhi mbele ya wote, shavu moja bado halijanyolewa.

Mwezi haukuisha, jicho la saba, peke yake, likanasa mapigo ya nyota ya kweli. Mkurugenzi akashuka ngazi mbio na mchoro, Mama Baridi auone kwanza. Akautazama kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akarudi kukaza bomba lake.