Mabomba ya Nyumba ya Miyuji

Sostenes Chilewa alifanya kazi ya ufundi bomba kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda wote huo aliamini mabomba ya chuma tu. Aliianza kazi hiyo akiwa kijana pale Dodoma mjini, akikata nyuzi kama za skrubu kwenye ncha za mabomba kwa mkono, akizungushia katani ya kuzuia kuvuja na kukaza mpaka mishipa ya shingo imtoke. Asiyejua kukata uzi, kwake hakuwa fundi.

Nyumba ya dada yake Evelina, kule Miyuji, aliifunga mabomba mwaka 1996. Evelina alikuwa muuguzi, mjane, na nyumba ile aliijenga kidogo kidogo kwa miaka sita. Siku maji yalipotoka jikoni kwa mara ya kwanza alikinga sufuria, ikajaa, ikafurika, naye akabaki amesimama anacheka.

Lakini maji ya visima vya Dodoma yana chumvi. Mwaka hadi mwaka iliganda ndani ya mabomba, na kutu ikafanya yake. Ikafika siku koki ya jikoni ikatoa maji ya rangi ya chai, membamba, yanayokatikakatika. Evelina akawa anachota nje, kwenye koki iliyo karibu na mita, kisha anabeba ndoo kuvuka ua. Akamwomba mdogo wake ang'oe mabomba yote, aweke ya plastiki kama ya jirani.

Sostenes alikataa. Alisema plastiki ni ya kumwagilia bustani, jua litaipasua, panya wataitafuna. Akabadilisha kipande hapa, kiungio pale. Maji yakaongezeka wiki mbili, yakafifia tena. Ambalo hakulisema ni kwamba mabomba yale mapya, yanayounganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto, hakujua kuyafunga. Alishawaona mafundi wa umri wa wanawe wakiyafunga kwenye majengo mapya, akapita bila kuwasalimu. Kuomba kufundishwa, naye ana mvi zile, aliona aibu.

Oktoba mwaka 2022 Evelina alimkalisha chini.

"Sostenes, nina miaka sitini na tisa. Ndoo zimeanza kunishinda. Kama huwezi, niambie nitafute fundi mwingine."

"Fundi mwingine aje kuharibu kazi yangu? Nisubiri mvua zipite, dada, nitaifanya."

Evelina hakulitaja tena.

Mvua za kwanza zilinyesha Desemba, ua ukawa utelezi mtupu. Asubuhi moja, akitoka kwenye koki na ndoo, Evelina alianguka akavunjika nyonga. Jirani ndiye aliyempigia Sostenes simu. Alipofika, dada yake alikuwa ameshapelekwa hospitali, na koki ilikuwa bado inamwaga maji.

Evelina alifanyiwa upasuaji, akakaa wodini wiki tatu, akatoka anatembelea magongo. Binti yake Generosa, mwalimu huko Kongwa, akamchukua. Sostenes akaachiwa funguo za nyumba.

Siku aliyoingia peke yake alikata bomba la jikoni kwa msumeno, akalielekeza dirishani kuchungulia. Tundu lililobaki lisingepitisha kijiti cha kiberiti.

Kesho yake alikwenda kwa Rukia, fundi mwanamke kutoka Kondoa aliyekuwa na duka la vifaa vya maji, akamwambia hajui na anataka kujua. Rukia hakumcheka. Alimwonyesha jinsi ya kushika bomba na kiungio kwenye moto, kuhesabu sekunde, na kuunganisha bila kuzungusha. Ukizidisha moto, alisema, plastiki inafanya ukingo ndani na maji yanakwama. Tena alimwambia kwamba kuhusu jua hakukosea. Bomba la nje lazima lifukiwe au lifunikwe. Sostenes aliharibu viungio kumi na moja kabla ya kupata kimoja kizuri. Kujifunza kulimchukua siku mbili.

Kazi ya nyumba nzima ilimchukua siku tisa.

Pasaka Generosa alimleta mama yake aone. Sostenes alimwamkia dada yake, akamsogezea kiti jikoni, maana hakuweza tena kusimama muda mrefu. Evelina alifungua koki, maji yakaja meupe na yenye nguvu. Alinawa mikono, akafunga.

"Dada," Sostenes alisema, "mabomba haya hayakuwa na ubaya. Ni mimi sikujua kuyafunga."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema habari za panya."

Alimuuliza kwa nini basi hakuleta mtu mwingine. Evelina alijifuta mikono kwa kanga yake taratibu.

"Ungeacha kuja hapa," alisema.

Jioni ile mama na binti walirudi Kongwa, na Evelina hakurudi tena kuishi Miyuji, kwa kuwa peke yake asingeweza. Sasa nyumba ina wapangaji, mtumishi wa wizara moja na mkewe. Kila Sostenes akipita kuangalia mita, yule mke humsifia kwamba mtaa mzima hakuna nyumba yenye maji kama haya. Yeye hushukuru kwa sauti ndogo, akasoma namba za mita, akaondoka bila kuingia ndani.